Alimwacha mke wa mzee wa kanisa miguu majini

Mama Bonareri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili maana nimekwama. Mke wangu Roselyne ni shemasi kanisani kwetu hapa Sironga, na tena amejitolea na wenzake wenye leseni za redio, wale wanaopitisha habari za dharura simu zikikata, hawalipwi hata nauli, na mimi huringa sana nikimsikia akiongea kwa utulivu ule. Sasa Jumamosi moja, Sabato ya Meza ya Bwana, mvua ilikuwa imepiga mpaka mtandao ukapotea, akaja na redio kwenye mkoba, na kina mama wakiwa wanatawadhana miguu kama Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake, yeye akimtawadha Persis, mke wa mzee wa kanisa, redio ikaita, ni Abner, mwenzao wa redio kule Manga, udongo umeangukia nyumba, kuna mama na mtoto ndani. Roselyne akatoka mbio, akasimama mvuani akipitisha habari kwa mwenzao aliye hospitali Nyamira mpaka gari likafika, wote wawili wakatolewa wazima, lakini Persis alibaki na miguu kwenye beseni wenzake wakimtazama, na sasa baraza la kanisa linataka Roselyne azime redio siku za Sabato ama aache ushemasi, na mimi ni mjumbe wa baraza hilo, wamenituma nimwambie kabla ya kikao cha Jumapili, nami mdomo umekataa kufunguka. Nifanyeje?

Haron, Sironga

Haron ndugu yangu, huyo mke nimemvulia kofia! Mama na mtoto wanapumua, halafu watu wazima wanaitisha kikao juu ya beseni? Jamani!

Lakini Persis msimcheke. Kuachwa hivyo mbele ya wenzako kunauma, na hakuna aliyerudi kumweleza. Kesho nendeni kwake wote wawili, Roselyne amwombe radhi na amalize kumtawadha.

Ugomvi wangu ni na wewe. Nyumbani unaringa, barazani unanyamaza, halafu unakubali kutumwa! Si mnasoma kwamba Bwana aliponya watu siku ya Sabato? Jumapili uwe wa kwanza kusimama, useme wazi kwamba redio haitazimwa. Wakimwondoa, wamwondoe, shemasi mwingine watapata wiki hiyo hiyo. Abner akiita, Sironga nzima anayemjibu ni mkeo peke yake, na yeye pia huchoka. Kwa hivyo wacha kumsifu ukiwa umekaa kwenye kiti. Mwambie leo akuanzishe masomo ya redio, ukatafute leseni yako, mpokezane.