Uliza Jirani

Kasongo, Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Miguu inaniuma kwa safari ya baiskeli, lakini moyo umetulia, na hiyo si kawaida yangu.

Nitaandika ukweli, maana daftari hili Bwana wa teritware, mzungu anayetawala wilaya yetu, halisomi.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka jana Bula-Matari, yaani serikali, ilinituma Kisengo, kijiji kidogo kwenye njia ya Wamaza, nikaandike watu. Kila mama nilimuuliza ana watoto wangapi. Wote walijibu mmoja au wawili, wakiangalia pembeni. Nikaandika hivyo hivyo. Mawingu yalikuwa yametanda, nilitaka kurudi, na mimi nikiwa na njaa huwa mvivu kupita kiasi.

Wiki iliyopita Bwana alikiweka kitabu changu kando ya kile cha karani aliyenitangulia, akalinganisha. Vijana wameenda migodini, wasichana wameolewa mbali, na waliozaliwa ni wachache mno. Akasema kijiji hiki kinakwisha. Watu wake wahamishiwe kwenye barabara kubwa, waunganishwe na wengine. Yaani waache michikichi yao, waache na makaburi yao.

Kwa sababu ya kalamu yangu.

Niliomba ruhusa ya kurudi kuhakikisha. Alinipa, huku amenuna.

Jana nilikaa mbele ya nyumba ya kapita, msimamizi wa kijiji, na fishi zangu, zile karatasi ngumu za kila nyumba, juu ya magoti. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Sifa, mwanamke mnene aliyezoea kusikilizwa. Nikamuuliza tena: watoto wangapi? Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyekojoa mkekani.

"Watoto iko. Wanakula," akasema. "Wewe mutoto wa huku huku, haujue mama hahesabu watoto yake? Kifo inasikia. Uliza jirani."

Aibu ilinishika. Nilijua! Mama yangu mwenyewe hakuwahi kutamka idadi yetu, hata mbele ya padri. Nilijua, ila tangu nivae shati jeupe la ukarani nilijifanya nimesahau.

Basi nikamuuliza Mama Sifa kuhusu watoto wa nyumba ya pili. Lo! Aliwataja wote kwa majina, na nani anaiba karanga, na nani amechukua masikio ya mjomba wake. Mwenye watoto hao akaja mbio kulipiza, akawataja wa Mama Sifa mmoja mmoja, hata yule anayenyonya. Ikawa hivyo kijiji kizima, nyumba ikiisema nyumba, watu wakicheka. Waliofariki niliwakata kwa mstari, walioolewa Kabambare nikawahamisha, na bado fishi zikanipungukia. Ilibidi niandike na nyuma.

Kisengo haikuwa inakwisha. Ilikuwa inaongezeka.

Leo mchana Bwana amesoma, akajumlisha mara mbili, kisha akafuta jina la Kisengo kwenye orodha ya kuhamishwa. Hakunisifu wala hakunigombeza. Yanitosha kabisa, nimetembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jioni nikasema nimalize na fishi ya nyumba yangu, kwani hata karani huandikwa. Nikaandika jina langu, la mke wangu Amina, na kazi yangu. Nikafika kwenye nafasi ya watoto. Nilikuwa nawasikia uani wakigombania muwa.

Mkono ukakataa. Mimi, niliyesoma kwa mapadri, niliyeandika nusu ya teritware hii.

Mwishoni nikamwita Mama Mwamini, jirani yetu, aje awataje yeye. Alianza na yule mtundu, akaendelea mpaka wa mwisho. Mimi niliandika majina tu. Jumla aliandika Amina? Hapana, naye alikataa. Bwana atajumlisha mwenyewe.

Je, huu ni ujinga? Sijui, na leo sitaki kujua. Watoto wangu wako. Wanakula.