Kichupa Kilichochemshwa

Dada Rehema,

Shikamoo kutoka Nachingwea, kwenye joto la kuangua mayai. Mama Somoe, mwenye nyumba wangu, alikuta barafu ya kichupa changu cha kimeng'enya cha kuyeyusha wanga imekwisha, akakichemsha kama achemshavyo mboga ya jana. "Kisichache, mwanangu." Nikajua kazi imeharibika, maana moto huua vimeng'enya.

Kumbe kimeng'enya chenyewe kimetoka kwa kijidudu cha chemchemi ya maji moto, kimejikunja na kukaza kama fundo la kamba iliyolowa, moto haukifungui. Kuhakikisha, nikatia matone kwenye ugali wa muhogo ukiwa jikoni.

Kimeng'enya ni kizima, dada. Ugali tumeunywa kwa vikombe, na Mama Somoe ananitazama kama mboga iliyochacha.

Nibusie watoto. Nikirudi, nisongee ugali mgumu.

Mdogo wako, Saidi