Tani Mbili za Rangi

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo tumemzika Déo. Miaka ishirini na tatu. Moto yake, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ilikatika essieu, kile chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, kwenye mteremko wa njia ya Wamaza. Patron Lukumani, mwenye garaje iliyoitengeneza, ndiye aliyeleta jeneza. Zuri. Vishikio vyake ni imara kuliko moto zetu.

Mama Emilienne, aliyemzaa Déo, alinivuta pembeni: Joël, mutoto wangu alipakiza kilo ngapi? Nikasema sijui.

Nilijua! Magunia ishirini ya mchele, kilo mia kwa gunia. Alipakiza kile kilichoandikwa ubavuni: TANI MBILI. Na mwandiko ni wangu, mimi mpaka rangi wa garaje.

Alhamisi, 5 Juni

Garaje kimya. Wateja wawili wa Nyangwe wametuma neno: hawataki tena.

Tuna aina saba. Simba Turbo, Prezida, Malaika Deluxe, Milionea… mwili mmoja! Tofauti ni kopo la rangi. Injini tunanunua, kitanda cha mizigo tunaunga wenyewe, essieu ni bomba la maji. Wateja walipoanza kupungua patron hakuita fundi, aliniita mimi. Joël, tutafutie jina lingine. Tani nazo zilikuja hivyo hivyo. Nilimuuliza nani amepima. Akacheka: "Paka tu, baba. Kidogo haiuzike."

Nikapaka. Kwa herufi nzuri, za kivuli.

Jumapili, 8 Juni

Nimempeleka Ayoubu kwa patron. Fundi wa soudure, wa kuunga vyuma — alifukuzwa mwaka jana kwa kusema bomba la maji ni la maji. Aliingia bila kuvua kofia. Akasema: essieu ya chuma kizima, tukate kwenye malori mabovu. Majina yote yafutwe, libaki moja. Kilo mia tano, basi, na tuzipime. Na zile moto kumi na moja zilizo njiani zirudi kwanza.

— Watu watasema tulijua, patron akasema.

— Mulijua.

Patron akakaa juu ya kopo la rangi. Mara ya kwanza namwona kama mzee. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: hilo jina moja, liwe gani?

Hata leo, jina! Ayoubu akasema: kwanza essieu. Patron akakubali kwa kichwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nne zimerudi. Ayoubu anakata, anaunga, hasalimii mutu. Mimi nafuta. Rangi inagoma kutoka — nilichagua ile bora, mjinga mimi.

Asubuhi hii nimemkuta Roger, dereva mwenzake Déo, sokoni na Milionea yake. Magunia juu kama nyumba, injini inanguruma, anaenda Wamaza. Nikamweleza yote. Akacheka mbele ya watu: "Ukifuta tani, nani atanipa mzigo? Weye mupaka-rangi, tangu lini uko fundi? Déo hakujua kuendesha, ni ile tu."

Nikatoa kitambaa changu cha petroli, nikaanza kufuta kwa nguvu. Akanisukuma. TANI imetoka. MBILI bado iko.

Ndipo nikamwona Mama Emilienne nyuma yetu. Kitambaa cheusi kichwani, siku yake ya kwanza kutoka nje tangu maziko. Alikuwa amesikia. Alikanyaga gurudumu, akapanda mpaka juu ya magunia, akakaa, akapanga nguo yake vizuri kama mutu anayeenda kanisani.

— Washa, baba. Mwenzako hakujua kuendesha. Weye unajua. Twende.

— Mama, shuka, tafadhali…

— Mimi ni mwepesi. Nimebaki mifupa.

Roger amezima injini.

Naandika haya nikiwa nimekaa mlangoni mwa duka, mikono inanuka petroli. Saa nzima sasa. Soko limesogea lote, hakuna anayecheka tena. Roger ameshika ufunguo, anautazama. Mama anaangalia njia ya Wamaza. Hakuna anayethubutu kumshusha — na Roger hajawasha injini, wala hajashusha gunia hata moja.