Bastola Inayong'aa

Alhamisi, 13 Novemba 2014. Riyadh
Nimeosha gari, nimeosha tena. Vumbi la leo halina adabu. Kisha bosi akaniita sebule ya wanaume. Bastola tatu mezani, za bei ya chini, zile za risasi ndogo za kupigia mikebe kwenye istiraha, nyumba yake ya mapumziko huko jangwani. Anataka nimsaidie kuchagua moja abaki nayo. Tangu ajue nilikuwa polisi wa akiba kwetu Kitui, ananiita kapteni. Kapteni wa kuosha magari. Haya.

Ijumaa, 14 Novemba
Istiraha. Tumepiga mikebe mpaka masikio yakaziba. Ile nyeusi triga yake ngumu kama kufungua soda kwa meno, lakini inalenga. Ya pili inakataa kulia. Risasi hizi hugongwa ukingoni, na nyundo yake ni dhaifu. Ikikataa, unaielekeza mchangani na kungoja, isije ikalia ikiwa imechelewa. Bosi na kungoja wapi na wapi. Ya tatu inang'aa kama sufuria mpya, na inalenga ajabu. Nikatoa risasi zote, nikavuta nyundo, nikafunga sefti isilie, nikagonga kitako kwa ubao. Nyundo ikaanguka yenyewe. Nikarudia. Ikaanguka. Hiyo ikidondoka na risasi ndani, itaua mtu. Nimemwambia bosi. Ameiweka kando irudishwe dukani.

Jumamosi, 15 Novemba
Kaka yake bosi amekuja kutoka Jeddah. Ndiye kafili, mdhamini na mwajiri, wa mdogo wangu Mutua, ambaye humwendeshea gari. Wakati wa kahawa akaishika ile inayong'aa, akaisifu. Akaisifu tena. Hawa watu ukisifu kitu chao, wanakupa. Bosi akasema, ni yako.

Wageni wamejaa, mimi nimesimama na birika. Niseme mbele ya watu kwamba zawadi ni mbovu? Nilimkazia bosi macho. Akatazama pembeni. Hajasahau, ameona aibu tu. Nina hasira.

Jumapili, 16 Novemba
Nimemwambia bosi tena garini. Ati atampigia kaka yake, inshallah. Hiyo inshallah naijua. Nikampigia Mutua mwenyewe. Alicheka, ati nimezeeka na woga. Nilimkaripia. Ameahidi hataigusa. Lakini ukiambiwa yalla, lete, utasema mafi, hakuna? Hata mimi ningeleta.

Jumatano, 19 Novemba
Nimemuuliza bosi kama amepiga simu. Ati kesho. Mutua ni kitinda mimba wetu. Siku ya kusafiri Mama alimlilia pale uwanja wa ndege mpaka akatuaibisha.

Ijumaa, 21 Novemba
Mutua amekufa.

Aliambiwa ashushe mkoba wa kafili wake kutoka garini. Zipu ilikuwa wazi. Bastola ikaanguka kwenye saruji, na ilikuwa na risasi ndani. Kirisasi kidogo hicho watu hukidharau. Kilimwingia chini ya mbavu. Mkenya mwenzake, mlinzi wa pale, ndiye aliyenipigia, analia. Bosi alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, naye akalia. Sikumfariji. Sitaki machozi yake.

Jumapili, 23 Novemba. Jeddah
Bosi amenileta kwa ndege. Kaka yake alinishika mkono, hakuweza kuniangalia. Kumbe hakujua. Kweli hakuambiwa. Anasema ni amri ya Mungu. Ya Mungu siyajui mimi. Najua simu moja haikupigwa.

Nimemwona Mutua hospitali, kwenye baridi ya mochari. Nilimwita jina. Mjinga mimi.

Jumatatu, 24 Novemba
Nimekunja nguo zake. Shati mbili bado na lebo, alikuwa anaziweka za kurudia nyumbani. Karatasi za kumsafirisha hazijatoka. Mjomba wetu kule nyumbani amekataa kumwambia Mama, anasema nimwambie mimi, mkubwa.

Simu yangu imeisha chaji. Nikachukua ya Mutua, nikapiga. Mama akapokea kabla sijafungua mdomo. Mutua, mbona kimya hivyo, umekula?

Sauti zetu zinafanana, hata shuleni walituchanganya.

Nikasema nimekula, Mama. Akafurahi. Akanieleza mbuzi amezaa mapacha, na mvua imeanza vizuri, na nimsalimie kaka yangu. Nilisikiliza mpaka salio likaisha.