Siku Tuliyofunga Vioo vya Lori

Jumamosi, saa kumi jioni. Mvua imetutisha wiki nzima, inanguruma upande wa Kambove halafu inakwenda zake. Likasi ni joto tupu. Nimekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji. Nina furaha na nina aibu, na sijui niandike ipi kwanza.

Nianze na lori.

Mume wangu, Papa Gloire, anabeba chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe tangu kabla hatujaoana. Lori letu ni la zamani, na kiyoyozi chake, klima kama tunavyosema hapa, kilikufa siku nyingi. Kwa hiyo anaendesha vioo wazi, na vumbi jeupe linaingia lote kifuani mwake. Mwezi uliopita daktari alimwambia bila kuzunguka: usivute tena vumbi hili, la sivyo uache usukani. Sasa, ukifunga vioo bila klima mwezi huu wa kumi, unaiva humo ndani. Tukakubaliana kwamba klima isipopona, Jumatatu anamkabidhi dereva mwingine funguo.

Tangu siku hiyo mluzi wake umekwisha. Kila asubuhi anaosha lori polepole, kama mtu anayeaga. Huyu mtu akikaa nyumbani atanyauka, namjua.

Na mimi ni mtu wa hasira, hapa mtaani kwetu Shituru nzima inajua. Tulishatia gesi mara mbili, na mara zote mbili kibaridi hafifu kilidumu siku tatu tu. Basi leo tulipofika tena kwa Fundi Ilunga, anayetengeneza friji na klima, nilimvaa mbele ya wateja wake. Nilimwambia gesi yetu anaitia kwenye friji za watu.

Alikoroga sabuni kwenye kikombe, akachovya brashi, akapaka povu kwenye maungio ya mabomba, moja moja. Pale mbele, karibu na taa, povu likaanza kuvimba na kupasuka, kuvimba na kupasuka.

"Mama Gloire, minye siko mwizi," akasema. "Gesi yako inatokea hapa. Angalia mwenyewe."

Kipira cha duara cha ungio hilo kilikuwa kimekauka, kikapasuka. Mara zile mbili tulikuwa tunajaza ndoo iliyotoboka, na ni mimi niliyekuwa nikimharakisha: weka gesi, twende, mambo ya kupekuapekua ya nini? Nilimwomba radhi, lakini kwa sauti ndogo. Wateja walisikia matusi. Radhi hawakuisikia.

Akabadilisha kipira. Akaosha radiata ya klima iliyoziba kwa chokaa, maji yakatoka meupe kama maziwa. Kisha akaleta kompresa aliyoitoa kwenye friji mbovu, akaifunga ili inyonye hewa na unyevu wote uliobaki ndani ya mabomba. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Nilitaka kugomba tena, nikakosa wa kumgombeza. Uliporudi akaanza upya, akangoja mshale wa geji utulie kabisa, ndipo akatia gesi.

Injini ikawashwa, kompresa ya lori ikanasa: tak! Bomba likatoka jasho, likawa baridi kwenye kiganja changu. Nikapiga kigelegele.

Ndani ya kabini, hakuna kitu. Feni inavuma kweli, ila hewa inayotoka haiwezi kuzima kiberiti.

Papa Gloire alizima injini, akabaki na funguo mkononi, anaziangalia. Mungu wangu, uso ule. Fundi alikuwa ameshashika bisibisi ili afungue dashibodi yote, mara mume wangu akajipiga paji la uso. Akapanda juu ya bampa, akafungua kifuniko cha matundu chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akavuta. Akavuta tena.

Kikatoka kitenge. Kigumu kama ubao kwa chokaa, lakini ndani ya mikunjo rangi ilibaki: njano, na ndege wekundu.

Nilikijua.

"Minye njo nilitiaka ile kitambala," akasema, macho chini. "Ulikuwa na mimba ya Gloire, vumbi ilikuwa inakuingilia pa matundu ya hewa. Nilikamata ku kamba ya nguo, nikasahau."

Gloire yuko darasa la kwanza sasa. Kitenge kile kilikuwa sare ya harusi ya mdogo wangu. Kilipopotea, wifi yangu Béa alikuwa anaishi kwetu, na ndiye aliyekuwa anaanika nguo. Nilimwita mwizi uani, majirani wakisikia. Aliondoka siku ileile akilia, na tangu hapo kanisani tunapeana bonjour tu. Mume wangu alikuwa safarini. Aliporudi nilimwambia dada yake amechoka kukaa na sisi. Habari ya kitenge sikumtajia hata kidogo. Nilikuwa na uhakika.

Alikichukua ili anilinde mimi. Nami nikamfukuza dada yake kwa kitenge hichohicho.

Alipowasha tena, hewa ilitoka kwa nguvu mpaka karatasi zikaruka kutoka kwenye dashibodi. Tukaenda kuijaribu hadi Kakontwe, nyuma ya lori lililojaa, vioo vimefungwa, nje kote kweupe. Kwenye kona ambapo kikohozi chake huanza, niliacha kupumua. Tukaipita. Vumbi lilipiga kioo, likabaki hukohuko nje.

"Mama Gloire, punguza," akasema. "Miguu inaganda!"

Nikaanza kulia, na hapo ndipo nilipomwambia ukweli kuhusu Béa. Aliendesha mpaka tukaiona barabara ya lami.

"Usiniambie minye," akasema. "Umwambie yeye."

Daktari atampima tena, sisemi amepona. Ila Jumatatu funguo hazimwendei mtu mwingine. Amerudi akipiga mluzi, jambo ambalo sijalisikia tangu mwezi uliopita.

Kitenge nimekifua mara tatu. Sasa kiko kwenye kamba, kamba ileile, na ndege wameanza kuonekana. Kesho kanisani, wakati wa ushuhuda, Béa atakuwa kwenye benchi lake la pili. Sitamnong'oneza mlangoni. Nitasimama mbele ya watu wote, kitenge mkononi, na nitasema ni nani aliyekosa. Na Jumatatu nitapita kwa Fundi Ilunga, wateja wakiwa wamejaa.

Sauti ninayo. Shituru nzima inajua.