Nyimbo Tano Mpaka Mtoni

Yokote, 19 Machi

Mwanangu Misuzu,

Habari za huko Omiya? Huku theluji imebaki kwenye kona za ua tu, nayo imekuwa nyeusi kama mkaa. Mimi ni mzima, ingawa magoti hunikumbusha umri wangu kila asubuhi. Mama yako anakula vizuri. Jana alimaliza wali na supu ya miso, akalamba hata vijiti.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unapiga kelele, mimi sisikii, na tunaishia kugombana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Nina shida. Redio ya gari imeitafuna kanda yetu ya nyimbo tano. Nimeivuta ikatoka kama tambi. Unajua kanda ile ni nini kwa mama yako. Mwaka wa pili huu hajanitaja jina, na maneno yake kwa siku hayafiki kumi, lakini mwaka jana tulipokwenda mtoni kuona maua ya sakura aliimba toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Nyumbani nikimpigia nyimbo zilezile anageuza uso. Ni ndani ya gari tu, na kwenye njia ile tu.

Nitafutie nyimbo hizo unirekodie kanda mpya, kwa mpango huuhuu. Kwanza ule wa msichana anayefunga duka mapema akaone maua. Huo unatutoa nyumbani mpaka kituo cha mafuta. Pili, ule wa vijana wawili wapiga gitaa, kuhusu baiskeli iliyosahauliwa stesheni. Tatu, tukianza kupanda daraja, ile enka, wimbo wa kizamani wa kuliza watu, wa mke anayekunja koti la baridi la mumewe. Nne ule wa tarumbeta, ambao mama yako huupigia makofi; unaishia kwenye lango la hekalu. Tano ule wa polepole, nao unatufikisha mtoni. Sikupima makusudi. Ni miaka thelathini ya njia moja na mwendo mmoja.

Maua yatachanua kama tarehe ishirini Aprili. Usichelewe.

Baba yako

—

Omiya, 26 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Mimi sijambo ila nimechoka. Chekechea yetu inafunga mwaka, Aprili tunapokea watoto wapya, na likizo sipati mpaka Mei.

Nyimbo nimezipata zote. Hata ile enka, niliyoikuta kwa mzee mmoja mwenye duka la kanda kuukuu. Kanda iko tayari hapa mezani. Lakini siitumi, Baba. Nitaituma siku utakayonitumia karatasi ya polisi ya kuonyesha umerudisha leseni.

Usikasirike kwanza. Jirani yako Bi Odashima ameniambia kwamba mwezi Februari uligonga nguzo ya geti lake ukaenda zako. Si kwamba ulikimbia. Anasema hukujua kabisa kama umegonga. Una miaka themanini na moja. Utaniambia ajali haina kinga. Hii ina kinga, nayo ni kwenda mpaka kaunta ya polisi na kusema basi.

Mtoni nendeni kwa teksi.

Mwanao Misuzu

—

Yokote, 1 Aprili

Misuzu,

Salamu zako zimefika. Sisi ni wazima, maana hata mwenye hasira huwa mzima.

Kwa hiyo sauti ya mke wangu iko mezani kwako, na mimi niinunue kwa leseni. Sikujua kama nimelea mfanyabiashara.

Nguzo ya Odashima ilianza kuinama yenyewe tangu mumewe yu hai. Na hiyo teksi unayoisema! Dereva wake anasikiliza besiboli, na hana pa kutia kanda. Mwezi uliopita nilimpandisha mama yako humo, akashikilia mlango akalia mpaka hospitali. Basi lilifutwa miaka minne iliyopita. Wewe mwenyewe huwezi kutuendesha. Leseni yako ina mstari wa dhahabu wa dereva asiye na kosa, na utakosaje wakati hujagusa usukani tangu uipate? Hata mimi ningekuwa mtakatifu kama ningelala mwaka mzima.

Daktari alisema mwakani huenda hata nyimbo zikamtoka. Alisema mbele yake, naye akatabasamu. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kukuambia neno hilo. Nataka kumsikia mara moja zaidi.

Kanda ije isije, tarehe ishirini na tatu tunakwenda.

Baba yako

—

Omiya, 8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye treni nikapitiliza stesheni yangu.

Nataka ujue kazi yangu ilivyo. Kila siku saa nne asubuhi nasukuma kigari cha watoto sita, wa mwaka mmoja mmoja, wamesimama ndani wameshika ukingo, tunakwenda bustanini. Tunavuka barabara kubwa mara mbili. Taa yetu ikiwaka kijani huwa natazama kwanza nyuso za madereva, na nikimwona mzee wa nywele nyeupe, sivuki. Nangoja taa ya pili. Wenzangu wananicheka, wanasema, “Misuzu, leo tutafika au tulale hapa?” Hawajui kwamba namwogopa mtu mwenye uso kama wako.

Kanda hii hapa, ndani ya bahasha. Nimeshindwa kumnyima Mama. Nakuomba tu usiende. Ningoje tarehe tatu Mei. Najua maua yatakuwa yameanguka. Ningoje hata hivyo, na uniandikie ulivyoamua.

Mwanao

—

Omiya, 25 Aprili

Baba,

Safari hii siulizi hali kwa desturi, nauliza kweli. Mko wazima?

Sijapata jibu lako. Simu inaita mpaka inakatika. Bi Odashima anasema gari lilirudi Alhamisi, lakini aliyeliendesha ni fundi wa gereji, na ninyi hamkuwamo. Anasema mlikuja baadaye kwa teksi, mkafunga mapazia, na tangu siku hiyo akibisha mlango unamjibu kwa ndani, “Kesho.” Alhamisi ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kila taarifa ya habari ikianza roho inaniruka.

Umefanya nini, Baba? Niandikie hata neno moja, hata kama ni la kunitukana.

Misuzu

—

Yokote, 27 Aprili

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Natanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Tulikwenda. Mama yako aliimba wimbo wa kwanza wote na wa pili wote. Tukapanda daraja, enka ikaanza, akaimba mstari wa kwanza. Kilichofuata masikioni mwangu ni tarumbeta zikimalizia, na lango la hekalu liko mbele ya kioo. Karibu nyimbo mbili nzima, Misuzu. Dakika saba. Sikusinzia. Macho yalikuwa wazi, mikono kwenye usukani na mguu kwenye mafuta, lakini sikuwapo. Na kati ya daraja na hekalu kuna shule ya msingi na kivuko cha watoto barabarani.

Nilisimamisha gari nikautia ufunguo mfukoni. Nikashuka, nikapiga magoti, nikalipapasa bampa kwa mikono yote miwili. Halikuwa na kitu. Sikuliamini. Nikamshusha mama yako tukarudi kwa miguu, nimemshika mkono, natazama lami hatua kwa hatua. Sitaki adui yangu atembee njia ile.

Pale kivukoni yuko mama mmoja anayevusha watoto kwa bendera ya njano. Alipotuona akaja juu. “We mzee! Si wewe wa gari jeupe? Umepita taa nyekundu hata hukunitazama! Nimeshainua bendera, mtoto ameshatia mguu barabarani! Nimemvuta kwa mkoba mpaka mkanda umekatika!” Nikainama mbele yake nikashindwa kuinuka. Mama yako naye akainama pembeni yangu, bila kujua kwa nini.

Fundi wa gereji alikuja kulichukua gari. Mtoni hatukufika.

Haya yote ungeweza usiyajue kamwe. Gari halina mkwaruzo, na yule mama hanijui jina. Nimejifungia siku tatu nikifikiri nikufiche. Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine, ya uongo, nzuri sana. Nimeichana. Wewe ndiye unayesimama kwenye kivuko.

Leo Bi Odashima amenipeleka polisi kwa gari lake. Tulipoipita nguzo yake nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Karatasi uliyoitaka hii hapa.

Baba yako

—

Omiya, 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Baada ya kuwaendesha mtoni nimerudi Omiya salama. Mafunzo ya Jumapili nne za Aprili hayatoshi kumfanya mtu dereva, najua, hata wewe ulijua, maana nilikuona kwenye kioo ukikanyaga breki ambayo huko nyuma haipo.

Naandika kuomba radhi. Nilishindwa kwenda kwa mwendo wako. Magari yalijipanga nyuma yetu yakatupigia honi, nyimbo zote tano zikaisha hata shuleni hatujafika, na Mama hakuimba hata neno. Nilikuwa nasikiliza kila pumzi yake. Mtoni nilisema nakwenda kununua chai, nikaenda kulia nyuma ya kibanda. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, nami nimewafungia mahali hapo.

Sema chochote. Nikaripie.

Mwanao Misuzu

—

Yokote, 11 Mei

Mwanangu Misuzu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Miche ya mpunga iko tayari kwa majirani, na vyura wameanza makelele yao.

Ni kweli, hakuimba. Nimelia pia, sikufichi, na sidhani kama ataimba tena. Lakini nisingempeleka mwenyewe hata kama ningejua hakika kwamba angeimba. Hilo lijue, uache kulia nyuma ya vibanda.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa unatazama barabara, kama inavyompasa dereva. Miaka thelathini nimemsikia mama yako akiimba kwenye njia ile, na sikuwahi kumwona akiimba. Macho yangu yalikuwa mbele. Safari hii nilikaa naye nyuma. Wimbo wa tatu ulipoanza nikageuka, nikamkuta ananitazama. Hakuwa anatazama miti, wala mashamba, wala wewe. Alinitazama mimi tu, uso mtulivu kabisa, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo. Nikajiuliza kama miaka yote ile alikuwa akiniimbia mimi, macho yake shavuni mwangu, nami nahesabu kona.

Basi nikamtazama na mimi, mpaka ulipozima gari. Hujui jinsi nilivyofurahi kwamba unaendesha polepole.

Njoo Juni. Gari nitakuwa nimelifuta vumbi.

Baba yako