Moshi wa Njano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kifua cha mama kimepata nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio umenielemea.

Najua wakuu wameshafika hapo, wakakuambia shemeji amekufa kwa uzembe wake mwenyewe. Kaa chini, dada, unisome mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua: nakaa mlangoni mwa helikopta na bunduki, naongea kwa redio na walioko chini. Huku msitu umefungamana, kutoka juu huoni mtu. Wanaotaka kuchukuliwa huwasha moshi wa rangi, lakini rangi yenyewe hawaitaji kamwe. Sisi ndio tunaitaja tukishaiona, wao wanakubali au wanakataa. Maana adui naye anasikiliza redio, na moshi wa kila rangi anao.

Juzi tuliitwa kuchukua majeruhi, na kwenye redio ya chini alikuwa shemeji. Kikosi chao tulishakikatia tamaa. Niliposikia sauti yake, dada, furaha ikanipanda kichwani, nikamuuliza kama bado anakoroma kama trekta. Akacheka, haki ya Mungu alicheka, akaniita Kimbaumbau, akasema nishuke upesi kwenye moshi wake wa njano nikamrudishe kwa mkewe.

Punde ikapanda mioshi miwili, yote ya njano.

Rubani akasema tunarudi, hawezi kubahatisha roho za watu. Shemeji akaomba tusubiri kidogo. Akatoka kwenye miti, akasimama peupe, akavua shati akawa anatupungia. Tukashuka kwake. Majeruhi wote tuliwapakia. Yeye adui walimpiga risasi akipanda wa mwisho, mguu mmoja tayari ndani.

Basi uzembe ulianza kwangu, dada. Kwenye redio hatutaniani, hilo ndilo la kwanza kufundishwa. Nilimweleza mkuu wangu, akanijibu niufyate, ripoti imeshakwenda. Siufyati. Watoto wasikue wakiambiwa baba yao aliponzwa na mdomo wake.

Najua utauliza alisema nini. Nilimlaza mapajani, midomo ikawa inacheza, ila kwa kelele za yale mapanga ya helikopta sikusikia hata neno. Nimejaribu kukutungia kitu, nikashindwa.

Nisalimie mama, uwabusu watoto. Mazikoni nitakuja ukiniruhusu. Usiponiruhusu, nitasimama nje ya geti.

Mdogo wako,
Kimbaumbau